Kana au masikio ya tembo: upi unafaa kuficha ukuta kwenye mteremko wa Bwiru?

Mpandaji wa Bwiru

Salaam kwenu wanajukwaa wote, na kwa wakubwa zangu shikamooni. Ninaishi Bwiru, hapa Mwanza, kwenye mteremko, na kama mjuavyo kwetu huku ni nyumba inayoliomba jiwe nafasi, si jiwe linaloiomba nyumba. Nyuma yangu kuna ukuta wa jirani wa matofali ya saruji, wenye kimo cha mita 2 hivi, ambao haujapigwa lipu, na kila nikikaa kibarazani ndio ninaoutazama. Nimeazimia kuufunika kwa mimea mirefu inayopendwa kwa majani yake zaidi kuliko maua, na ambayo haitanilazimu kupanda upya kila msimu. Baada ya kuwazungukia wauza miche nimebakiwa na miwili: kana yenye majani ya zambarau iliyokolea, na masikio ya tembo, yale makubwa yanayofanana na magimbi.

Eneo lenyewe lina urefu wa mita 9 na upana wa mita moja na nusu. Mita 6 za juu ni kichanga kitupu, luseni halisi kama wasemavyo Wasukuma, kinachopigwa na jua kuanzia saa nne asubuhi, na katikati yake kuna jiwe ambalo hata saa mbili usiku ukiliwekea kiganja bado lina joto. Mita 3 za chini zina kivuli cha mwembe, na hapo ndipo yanapoishia maji ya bafuni, kwa hiyo hapakauki hata mwezi wa nane. Maji ya bomba kwetu ni ya mgawo. Kuanzia Juni hadi Septemba siwezi kuahidi kumwagilia zaidi ya mara mbili kwa wiki. Nina pia mtoto wa miaka 2 ambaye kila akiokotacho hukipeleka mdomoni, na mama mkwe ambaye ameshatamka kwamba majani mapana huleta mbu. Muuzaji ananiambia mimea yote miwili "inakubali popote". Je, ni kweli? Na kama ni lazima nichague mmoja, nichukue upi?

Mzee wa Nyegezi

Marahaba, mwanangu. Muuzaji amekueleza nusu ya ukweli, ile nusu inayomsaidia kuuza.

Kwanza tuelewane kuhusu majina, maana hapo ndipo wengi hupotea. Masikio ya tembo ni jina linalobebwa na mimea zaidi ya mmoja. Kuna Colocasia, ambayo ndiyo gimbi lenyewe tunalokula, pamoja na aina zake za mapambo zenye majani meusi. Na kuna Alocasia, iliyo ndefu zaidi, ambayo ile kubwa hufikia mita 2 hadi 3 ikipata maji na samadi. Ukitaka kuzitofautisha, tazama jani. La Colocasia huinamisha ncha yake chini, na kikonyo hushika mgongoni mwa jani, chini kidogo ya ule mwanya wa juu. La Alocasia kubwa husimama likielekeza ncha angani, na kikonyo hukutana na jani karibu kabisa na mwanya. Tofauti hii ina gharama yake shambani. Colocasia huvumilia kusimama majini wiki baada ya wiki, lakini Alocasia hutaka unyevu usiotuama, na ukiiweka dimbwini shina lake huoza kuanzia chini huku majani ya juu yakikudanganya kwamba mambo ni shwari. Kwa ukuta wa mita 2 unahitaji Alocasia. Kabla hujaipanda, chimba shimo la nusu mita pale penye maji ya bafuni, ukaendelee na shughuli zako kwa saa moja, kisha urudi kulitazama. Ukikuta maji yamejaa ndani, inua tuta la sentimita 30 na upande juu yake.

Kana ni jamaa wa mbali wa mgomba na tangawizi, na asili yake ni sehemu za joto za bara la Amerika. Majani yake ya zambarau hukolea juani na kurudi kwenye ukijani yakiwa kivulini, kwa hiyo mahali pake ni huko juu, si chini ya mwembe. Shina likishatoa maua huwa limemaliza kazi. Unalikata usawa wa ardhi, na machipukizi mengine huwa yameshatangulia pembeni. Tunguu lake huweka akiba ya maji na wanga, ndiyo maana kiangazi chetu hakiliui. Hata hivyo, kutokufa si sawa na kupendeza: kana iliyoachwa na kiu kwenye luseni mwezi wa Agosti huwa na majani yaliyokunjamana na kukauka kingo, na hapo ukuta wako utakuwa unachungulia tena. Chimba mtaro wa sentimita 40, changanya debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita, na ukishapanda utandaze pumba za mpunga, ambazo mashineni huwa hazina bei kubwa. Panda kwa nafasi ya nusu mita, matunguu yakiwa chini kwa sentimita 8 hadi 10. Maji ya kufulia pia yapelekee huko. Kana hupandwa hata kwenye mabwawa ya kokoto ya kusafishia maji taka, kwa hiyo povu kidogo la sabuni haliitishi.

Ila hilo jiwe lako ulipe heshima yake. Mimi nilipanda kana nikizibana na jiwe la namna hiyo ili zisiyumbishwe na upepo wa ziwani wa mchana. Ndani ya miezi miwili, majani yote yaliyoelekea jiwe yalikuwa na ukingo wa kahawia wenye upana wa kidole, mkavu kama karatasi, na yale ya upande wa pili wa shina lile lile hayakuwa na doa. Acha sentimita 60 kati ya jiwe na shina la kwanza.

Mama Kulwa

Mzee amesema vema kuhusu udongo. Mimi nitajibu kuhusu mtoto na mbu, kwa sababu yote mawili nimeyapitia.

Alocasia na Colocasia zina chembechembe za kalisi oksaleti zenye ncha kali kama sindano. Mtoto akitafuna jani, kinywa humwasha na kumchoma papo hapo, midomo na ulimi huweza kuvimba, na kwa kawaida hutema kabla hajameza kiasi kikubwa. Msuuze kinywa, umpe maji baridi au maziwa, na ukiona uvimbe unazidi au anapumua kwa shida, mkimbize hospitali bila kusubiri. Magimbi ya chakula nayo yana kitu hicho hicho, ndiyo maana hatuyali yasipoiva sawasawa, na ndiyo maana anayeyamenya mabichi hujikuna mikono. Kana haina tatizo hilo. Matunguu yake huliwa, na Vietnam wanga wake hutengenezewa tambi. Mimi nilizungushia masikio yangu ya tembo uzio wa matete wa kimo cha kiuno mpaka mwanangu alipofikisha umri wa kuelewa.

Kuhusu mbu, mama mkwe wako hajakosea kabisa, ingawa amemshika mshitakiwa asiye mkuu. Mbu wa malaria, Anofelesi, hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama ardhini, si kwenye makwapa ya majani. Wapo mbu wa kundi la Aedesi wanaozaana katika maji machache yanayobaki kwenye makwapa ya migomba na magimbi. Huko Bwamba, magharibi mwa Uganda, mbu hao walihusishwa na homa ya manjano miaka ya 1940. Kwa hiyo ondoa majani makavu ya chini, ambayo ndiyo hushika maji. Lakini mdogo wangu, hilo dimbwi la maji machafu ya bafuni litakuzalishia mbu wengi kuliko majani yote uliyoyataja. Anza na hilo.

Luchelele Kijani

Ninatofautiana kidogo na Mzee, kwa heshima. Kana inasifiwa mno bila kutajwa maradhi yake. Kuna kutu, yaani vidonge vya rangi ya chungwa chini ya jani, ambavyo hushamiri wakati wa masika majani yanaposhinda yamelowa. Na kuna virusi ambavyo dalili zake hufanana na za batobato la mihogo, navyo havina dawa. Miaka michache iliyopita nilinunua mashina 10 kandokando ya barabara nikiambiwa ni ile kana yenye mistari ya njano, inayoitwa 'Pretoria'. Mistari ya 'Pretoria' hufuata mishipa ya jani kwa mpangilio, jani zima, kila jani. Ya kwangu ilikuwa imekatikakatika, yenye madoa ya kahawia, tena mashina mawili hayakuwa nayo kabisa. Nilikuwa nimenunua ugonjwa kwa bei ya pambo, na niliyachoma yote. Ukienda kununua, geuza jani utazame chini, na usichukue tunguu ambalo hukuona majani yake.

Jambo la pili ni la sisi tulio karibu na maji. Msitupe matunguu ya kana wala ya magimbi kwenye mifereji inayoshuka ziwani, kwa sababu huota popote yanapokwama. Magugu maji nayo yalianza safari yake duniani kama ua la kupendeza kutoka Amerika ya Kusini, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 tunaishi nayo. Na kwa yeyote anayewaza kupanda ukingoni kabisa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ziwani. Bustani yenye kuta na ngazi za saruji isisogezwe huko.

Mpandaji wa Bwiru

Nawashukuruni sana. Nimechimba shimo kama Mzee alivyoelekeza, na baada ya saa moja lilikuwa na maji ya kufika kifundoni, kwa hiyo tuta ni lazima. Nimeamua kuweka kana 11 juu, nikiliachia jiwe nafasi yake, na Alocasia 3 chini, ndani ya uzio wa matete, baada ya kufukia mfereji wa maji ya bafuni kwa kokoto. Mama mkwe ameikubali kana. Kuhusu Alocasia amesema mbu atawahesabu mwenyewe. Je, nipande sasa hivi au nisubiri mvua?

Mzee wa Nyegezi

Mtaro chimba sasa, samadi itulie. Matunguu yasubiri vuli, tena si mvua ya kwanza, ambayo kwenye luseni hupotea ndani ya siku mbili. Chokonoa udongo kwa kidole. Siku utakapoukuta umelowa hadi kiungo cha pili, panda jioni ya siku hiyo hiyo.