Tupeane uzoefu: umekutana na watu wa aina gani ukizunguka Kanda ya Kati na begi mgongoni?

Shanta Mgongoni

Wakuu, salaam kwenu.

Nyuzi zetu nyingi za safari ni za nauli, gesti na vivutio. Huu naomba uwe wa watu. Nazunguka Dodoma, Kondoa na Singida kwa basi, kosta na treni, na naamini unaokutana nao huku si wale wa Arusha wala Unguja. Kanda ya Kati wengi wanaipita tu. Wa Serengeti anapita, wa Mwanza anapita, wa Kigoma anapita amelala. Dodoma mjini panajaa, ndiyo, hasa Bunge la bajeti likianza Aprili, lakini wale wamefuata vikao na mafaili ya Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Kwa hiyo ukimkuta mtu ameshuka Kolo au Manyoni kwa hiari yake, msogelee. Ana sababu, na mara nyingi inafaa kusikilizwa.

Ninaowapenda zaidi ni wapanda baiskeli wa masafa. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa 2018, na ni kipande cha ile njia ndefu ya Cape Town hadi Cairo. Kaa kwenye kibanda cha chai kando yake, siku moja utawaona: mabegi yamening'inia pande zote mbili za gurudumu la nyuma, nyuso zimeungua jua. Kondoa nilimkuta Mholanzi mmoja, mtu wa makamo, ringi yake ya nyuma imepinda. Vifaa alikuwa navyo vya kila namna na bado gurudumu linayumba. Fundi wa pale, kijana anayefanyia kazi chini ya mwarobaini, akaipindua baiskeli, akazungusha gurudumu huku amelikazia macho, akakaza spoku hii, akalegeza ile, mpaka likanyooka. Mholanzi akaomba afundishwe. Walikaa hapo hadi adhuhuri, wakielewana kwa vidole na kwa hesabu ya moja mpaka kumi. Fundi alikataa hela. Akapokea ufunguo wa spoku, na nadhani wote wawili waliona wamefaidi.

Wapo pia wanaohesabu nchi. Anashuka, anapiga picha ya kibao, anakwambia Tanzania ni nchi yake ya ngapi, anadaka basi linalofuata. Watu wema, lakini hatupati muda wa kujuana.

Adimu kuliko wote ni Mtanzania mwenzetu anayetembea ili aone. Huyu anahojiwa kuliko hata mgeni wa Ulaya. Daftari la wageni gesti linataka jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda. Ukisema umekuja kutembea tu, mhudumu anainua uso. Watakudhania mpima ardhi, mnunuzi wa madini, mtu wa mradi, au umekimbia madeni. Singida nilikaa meza moja na muuguzi kutoka Mbeya. Kila likizo anachagua mkoa ambao hajawahi kuukanyaga. Tulikuwa tunawaangalia flamingo wa Ziwa Singidani, nikamuuliza kwa nini. Akasema: "Nimeuguza watu wa kila mkoa. Nataka nijue wanakotoka." Sijasikia sababu bora ya kufunga begi.

Karibuni, nanyi mlete wa kwenu.

---

Binti wa Irangi

Asante kwa uzi, kaka. Mimi nasema kama mwenyeji, kwetu ni karibu na Kolo. Michoro yetu ya miambani iliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, lakini wageni hawakuanza hapo. Mary Leakey alikuja kuinakili 1951, kwa hiyo tumewaona tangu enzi za babu zetu.

Wa nusu saa ndio wengi. Wanakwenda Tarangire au wanatoka, gari limeachwa linanguruma. Halafu wapo watafiti, na hawa nawaheshimu sana, kwa sababu wanarudi. Mmoja aliwahi kutuonyesha picha za zamani za mwamba tunaopita kila siku, tukaona wenyewe jinsi wekundu ulivyofifia. Mtu wa mbali akatufanya tuanze kuulinda. Wengi hawajui kwamba michoro haina umri mmoja: ile myekundu inahusishwa na wawindaji na wakusanya matunda, myeupe ilikuja baadaye, nayo inahusishwa na wakulima.

Ila mgeni ninayemkumbuka hakuwa mtafiti. Alikuwa dada kutoka Kenya, begi lake kubwa kuliko yeye. Pango la Mungomi bado ni mahali pa tambiko, wazee hupanda kuomba mvua na uponyaji. Siku ile palikuwa na dalili za watu waliotangulia. Wenzake wakasogeza kamera. Yeye akaiweka yake ndani ya begi, akamuuliza mwongozaji kama kuna namna ya kuomba ruhusa kabla ya kusogea. Jioni alimfuata mzee mmoja kijijini, akaamkia, akakaa chini kwenye mkeka, akasikiliza. Mzee huyo si mtu wa maneno mengi, lakini alizungumza hadi giza likaingia.

Msipande wenyewe, jamani. Piteni kwanza ofisi ya Mambo ya Kale hapo Kolo mpewe mwongozaji.

---

Konda wa Kosta

Njia ya Mtera kwenda Iringa. Tairi lilipasuka jua kali, abiria wote wakakimbilia kivuli. Kijana mmoja wa Kijapani akashusha begi, akaokota mawe akazuia magurudumu ya mbele kabla hata sijasema neno, akashika jeki. Tulipofika Mtera nikamnunulia perege wa kukaanga. Hakunisaidia ili nimlipe, na mimi nisingekula mwenyewe nikimwangalia.

---

Mtoto wa Reli

Mimi nasafiri kwa treni. Ile ya mwendokasi imefika Dodoma tangu 2024 na naisifu kwa moyo wote, ukitoka Dar asubuhi mchana hujaupotezea njiani. Lakini watu hawajuani mle. Kila mmoja na simu yake, na kabla hujamaliza kumwuliza jirani anatoka wapi mmeshafika.

Ukitaka watu, panda ile ya zamani ya Kigoma, daraja la tatu, utoke nayo Dodoma kuelekea magharibi. Mle begi halikai mgongoni wala juu, linakuwa kiti cha mtoto wa mtu. Niliwahi kukaa na mstaafu wa reli aliyefumba macho safari nzima, nikidhani amelala. Kumbe anasikiliza. "Bahi hiyo." Baadaye, "Kintinku." Nje giza totoro, hakuna taa. Treni ilipoanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa mlio ukabadilika, ukawa mzito, akasema sasa tunaitafuta Saranda, tayarisheni hela ya chakula. Na kweli, kuku na mayai vikaja dirishani. Kulikuwa na wasafiri wawili wa Kifaransa, wakaacha kuangalia ramani kwenye simu, wakawa wanamwuliza yeye. Nilifurahi kumwona anaulizwa. Kazi ya maisha yake yote ilikuwa kichwani mle.

---

Dada wa Mpwapwa

Ngoja nami nizungumze, maana nasafiri peke yangu na safari ya mwanamke ina hesabu zake. Kuna wale vijana wa stendi wanaoshika begi lako kabla hujakanyaga chini. Mmoja aliling'ang'ania langu hadi nikapaza sauti. Hao siwasimulii zaidi.

Nawasimulia akina mama. Nikishuka popote, kabla ya gesti na kabla ya bodaboda, natafuta mama ntilie mtu mzima, nasema shikamoo, naagiza wali maharage. Swali la pili atakalouliza ni unalala wapi. Manyoni mama mmoja alisikia naelekea Itigi, akapiga simu kwa mdogo wake huko. Akamwita bodaboda anayemjua, akamwambia, "Huyu mwanangu, mfikishe kwenye kosta, umwone mpaka anapanda." Itigi nikapokelewa stendi na mtu nisiyewahi kumwona, ananiita mwanangu vilevile. Niliondoka pale na chupa ya asali, na namba ya binamu yao wa Singida.

Ndivyo ninavyosafiri siku zote, napokezanwa. Wageni wa Ulaya wana vitabu vya mwongozo, mimi nina namba za akina mama, na hazijawahi kuniangusha. Zaidi ya hapo, nikirudi napiga simu kusema nimefika. Ukiacha kupiga, umewavunjia imani wote, na dada mwingine atakayefuata hatapokelewa hivyo.

---

Shanta Mgongoni

Dada, hilo la kupiga simu ukifika limeniingia. Konda, ubarikiwe.

Bado sijasikia mtu wa Farkwa wala Kwa Mtoro, kwa Wasandawe. Nakusudia kwenda kiangazi, njia zikiwa kavu. Aliyewahi kulala huko aniambie nianze na nani.

---

Binti wa Irangi

Anza na mtendaji wa kijiji, kaka, na kitambulisho cha NIDA mkononi. Fika mapema, usingoje jioni, maana yeye mwenyewe anaweza kuwa shambani au kikaoni. Mweleze ukweli kwamba umekuja kutembea, hata kama atarudia swali. Atakutafutia mwenyeji. Ukiwa na hema, usilifungue kabla hajakuonyesha mahali.