Tupeane uzoefu: vinanda vya zamani vya mtumba, Arusha na Moshi

Kinanda Bovu (Sakina, Arusha)
Wakuu habari za saa hizi. Naanza mimi ili mkicheka mcheke mapema. Mwaka juzi kanisa moja huku kwetu walikuwa wanasafisha stoo wakatoa Yamaha DX7, toleo lile la 1983 la kahawia lenye vitufe vya kijani, nikaibeba kwa laki 1 na 80 nikijua nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Nafika home nawasha, majina kwenye skrini ni herufi za ajabu ajabu, ukibonyeza inalia kama bati linaburutwa kwenye lami. Nikaita fundi, akafungua, akanusa, akasema bodi imekufa. Ikakaa juu ya kabati miezi 3, wife anawekea nguo za kupiga pasi, mwisho nikamtupia dogo mmoja wa Ngaramtoni kwa elfu 90 na nikamshukuru.

Sasa Desemba niko harusini Tengeru nasikia ile piano ya umeme yenye kengele kwa mbali, nageuka jukwaani, kinanda changu hicho! Dogo ananiambia bro ilikuwa betri tu. Kumbe ndani kuna betri bapa ya volti 3, CR2032, imelehemewa kwenye bodi, ndiyo inatunza sauti 32 ukizima umeme, ikifa mashine inasahau kila kitu. Yeye kabadilisha, kaweka na kikalio ili siku nyingine aichomoe kwa kidole, halafu karudisha sauti za kiwandani kutoka kwenye laptop kwa waya wa MIDI, ule wa kuunganisha kinanda na kompyuta. Betri ya buku 2. Haya semeni na nyie.

Fundi wa Pasua
Pole mkuu ila nimecheka mpaka mteja kaniangalia. Korg M1 nayo ina tabia hiyo hiyo, zinaletwa kwangu kama maiti zinaondoka zinaimba. Nyongeza, hiyo DX7 ya kwanza usipozima ulinzi wa memori au ukasahau kuweka SYS INFO AVAIL (mpangilio wa kuiruhusu ipokee sauti kutoka nje) haipokei kitu, utalaumu waya bure.

Mama Kwaya (Majengo, Moshi)
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Sisi kwaya tulichanga mwaka mzima, tukauza na maandazi, tukapata Roland D-50 iliyotoka Japani, imefungwa kwenye blanketi, plagi yake meno mawili bapa. Kijana wetu wa mitambo akakimbia dukani akaleta adapta ya elfu 2 akachomeka ukutani. Jamani ile adapta inabadilisha meno tu, umeme unabaki ule ule wa 230, na nyuma ya kinanda pameandikwa 100V wazi kabisa, nani asome, tulikuwa tumeshaanza kupiga vigelegele. Ikasema pu! moja tu, harufu mpaka madhabahuni. Mungu mkubwa fyuzi ilikata kabla transfoma haijaungua. Sasa kina transfoma yake ya kushusha umeme, nzito kama tofali, na juu nimebandika karatasi USICHOMEKE UKUTANI, mwenye ufunguo wa chumba ni mimi peke yangu.

Noti ya Sita (Njiro)
Mimi yangu Roland Juno-106, ya 1984. Nilinunua kwa mtu anayehama, nikaijaribu dakika 2, tamu, nikalipa. Usiku naona kuna noti inakwaruza, nabonyeza tena iko safi, tena safi, mara inakwaruza. Fundi wa kwanza kasafisha kibodi yote kanila elfu 40, tatizo liko pale pale, linahama tu kutoka kitufe hiki kwenda kile. Ndo nikaja kujua mashine ina njia 6 za sauti zinazopokezana noti unazobonyeza, kila moja na chipu yake, 80017A, na zile chipu zimepakwa utomvu mgumu ambao ukizeeka unavujisha umeme. Kwa hiyo ukienda kununua Juno bonyeza kitufe KIMOJA mara 6, usikilize kila mara, hata muuzaji akikunja sura we endelea kubonyeza. Yangu tulizing'oa tukazilaza kwenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, mbichi kutoka saluni ya dada yangu (hajui mpaka leo chupa ilienda wapi), utomvu ukabanduka, 5 zikapona, ya 6 nikanunua chipu mpya inayoiga ile ya zamani. Ukihesabu nauli na mafundi nimezidi bei ya kinanda kipya, ila siuzi.

Dogo Simu
Si mpakue programu tu, hizo sauti zote zipo kwenye simu bure

Fundi wa Pasua
Dogo kalale.

Mzee wa Marangu
Mnanunua mavitu makubwa. Mimi kwenye msiba umeme ulikatika saa 4 usiku, vinanda vya vijana vyote kimya, Casio CZ-101 yangu inatumia betri 6 kubwa za tochi, nikaunga kwenye spika ya kuchaji nikapiga mpaka asubuhi. Vitufe vidogo kweli, vidole vyangu vya jembe, tulivumiliana.

Kinanda Bovu
Mrejesho. Jumapili nimempigia dogo wa Ngaramtoni kama anaiuza. Anataka laki 8. Nimempa advansi laki 2, wife msimwambie.