Mafundi bustani wa Kigoma mnaojenga mabwawa ya koi, mtatumaliza kwa hasara

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, atakayeona lugha imezidi ukali anivumilie. Mods, naomba msiupeleke uzi huu jukwaa la ufugaji. Sifugi kitoweo mimi, nazungumzia mapambo ya nyumba na pesa za watu zinavyoliwa humo.

Nyie mafundi bustani mnaozunguka Mlole, Gungu mpaka Bangwe kwenye nyumba za kutazama ziwa, nani aliwadanganya kwamba bwawa la koi, hawa samaki wa rangi wa mapambo, ni shimo lenye plasta, mawe meupe pembeni na taa ya bluu? Siku ya kukabidhi mnapiga picha, maji yanameta, samaki wanazunguka, mnaweka statasi, simu za wateja zinaanza kuita. Baada ya hapo mwenye nyumba anaopoa mizoga kwa chujio la jikoni. Hiyo picha hamuirushi.

Mimi nimejengewa na mmoja wenu. Jina silitaji uzi usije ukafutwa, ila akisoma vipimo atajijua. Urefu mita 3, upana mita 2, kina sentimita 40, umbo la figo kama alivyoliona kwenye simu yake. Hesabu hata kama lingekuwa na pembe nne kamili: lita 2,400. Humo akamwaga koi 30, kila mmoja shilingi 25,000, akasimama pembeni kajishika kiuno anasifia "bwawa limechangamka".

Koi mzima anafika sentimita 60 na kupita, na akitunzwa anaishi miaka 25, 30, wengine zaidi. Wafugaji wanaojua kazi hukadiria kama lita 1,000 kwa kila samaki mkubwa. Kwa kipimo hicho bwawa langu ni la samaki wawili, na hao wawili wenyewe wangelalamika kina. Kina kianzie mita 1, na mita 1 na nusu ndiyo inapendeza, kwa sababu maji machache yanapata joto haraka na maji ya moto hayashiki oksijeni. Jua la Septemba hapa kwetu, mvua haijafika, mnataka samaki ajifiche wapi kwenye sentimita 40? Halafu kuna ndege. Mdiria wa Kigoma anakamata dagaa kwenye ziwa la wazi lenye mawimbi, leo umpe samaki mwekundu juu ya kokoto nyeupe, tena kwenye maji ya magotini, atamkosaje? Hata kenge nimemkuta juu ya ukuta anachungulia. Kenge simlaumu, yeye hakulipwa.

Tuje kwenye simenti, maana hapa ndipo nilipopandwa na hasira.

Plasta mbichi inatoa chokaa ndani ya maji na kuipandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali kwenye maji, kwa kasi. Bwawa jipya la simenti unalijaza, linakaa siku kadhaa, unalimwaga, unalisugua, unalijaza tena, unarudia na kurudia, au unalipaka rangi ya kuziba isiyo na sumu kwa samaki ndipo uanze kufikiria viumbe. Ukitaka kukwepa kazi yote hiyo unatandika turubai zito la bwawa. Huyu bwana plasta kamaliza Alhamisi, Jumamosi samaki ndani. Maji ukiyashika yanateleza kama ya sabuni. Mawe ya pembeni yakaota utando mweupe, ukipitisha kidole kinatoka na unga. Nikamwuliza hiki nini. "Dada yangu, hiyo ni chumvi ya ziwa." Chumvi ya ziwa! Maji ya Tanganyika nimekunywa tangu nazaliwa, nimefulia, nimepikia, sijawahi kuona sufuria imevaa unga wa namna ile.

Na hata ukiiondoa simenti, maji ya hapa yanataka mtu anayeyajua. Bomba la mjini linavuta ziwani, na maji ya Ziwa Tanganyika pH yake inacheza karibu na 9. Kwa pH hiyo peke yake koi hafi akizoeshwa taratibu. Kinachomuua ni amonia, inayotoka kwenye mwili wake mwenyewe na kwenye chakula kilichobaki kikaoza. Amonia hiyo, kiasi kilekile, ukiwa na maji ya pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1. Peleka pH kwenye 9, inavuka theluthi. Someni tena hapo. Samaki walewale, kinyesi kilekile, sumu imezidi mara hamsini na zaidi kwa sababu ya maji tu. Sasa fundi aliyejifunza kwa video za watu wenye maji ya pH 7, akija kumwaga samaki Kigoma kwa mazoea yaleyale, anaua huku anatabasamu.

Dawa ya amonia ni chujio. Mimi nimewekewa pampu ndogo ya kurusha maji juu, basi. Inapendeza usiku taa ikiwaka, hilo sikatai. Lakini haichuji kitu. Chujio maana yake maji yatoke bwawani, yapite kwenye sponji zinase uchafu, yaingie kwenye pipa lililojaa vitu vya bakteria kujishikiza, ndipo yarudi. Bakteria wa kwanza wanageuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, wa pili wanaigeuza kuwa naitreti, ambayo mimea inaitumia na inayobaki unaipunguza kwa kubadilisha maji. Hao bakteria hawaji na mkandarasi. Wanajijenga wenyewe kwa wiki 4 hadi 6, pengine 8, na muda wote huo unaweka samaki wachache, chakula kidogo, na unapima maji. Pampu nayo iwe na nguvu ya kuzungusha maji yote ya bwawa angalau mara moja kila saa 2.

Mtasema gharama. Gharama gani? Pipa la lita 200. Nyavu chakavu za dagaa, Kibirizi zimejaa, unaziosha zikatakata unazishindilia humo. Madodoki ya plastiki ya kuoshea vyombo, mtaani bei ya kutupa. Bomba na koki mbili. Jumla yake haifiki hata bei ya yale mawe meupe aliyoniambia yametoka Dodoma.

Klorini nayo nisiisahau: maji ya bomba yakae kwenye tenki wazi siku moja au mbili kabla ya kuyaingiza, hasa siku ukinusa harufu yake. Yeye alifungulia mpira moja kwa moja juu ya samaki, akaenda kula.

Kilichofuata mnakijua. Samaki walianza kukusanyika chini ya maji yanayodondoka, midomo juu, wanahema harakaharaka. Mapezi yakaonyesha mistari ya damu. Kulikuwa na mmoja mweupe mwili mzima, doa moja jekundu la mviringo kichwani, aina ambayo Wajapani wanaiita tancho, wanangu walikuwa wanamgombania. Aliruka nje usiku. Asubuhi yuko kwenye kokoto, ngozi imeshika mawe, unamnyanyua yanakuja nayo. Kumpigia fundi: "Dada, watazoea, si unajua maji mageni." Kumpigia tena: "Labda jirani ana jicho." Jirani! Mama wa watu ana bustani ya mchicha, hata ndani ya geti hajawahi kuingia. Kumpigia mara nyingine, sasa kachangamka: "Nikuletee wengine? Nitakupunguzia, elfu ishirini ishirini."

Hapo ndipo nikaelewa biashara yenyewe. Bwawa likifanya kazi vizuri, samaki haununui tena.

Na wote 30 wala hawakuwa koi. Mnaonunua, angalieni mdomoni. Koi ana ndevu, jozi mbili, zinaonekana hata akiwa mdogo ukimtazama kwa karibu. Asiye na ndevu, mwili mfupi mnene, huyo ni samaki wa dhahabu wa kwenye akwariamu, bei yake nyingine kabisa. Kwangu walikuwa wamechanganywa nusu kwa nusu. Kumbe koi ni kazi ya watu wa Niigata, Japani, wakulima wa mpunga waliokaa karne nzima wanachagua rangi, mpaka mwaka 1914 wakaenda kuwaonyesha kwenye maonyesho ya Tokyo. Mwaka huohuo wa 1914 ndio reli ilifika hapa Kigoma, sisi mwisho wa reli. Wenzetu wametumia muda wote huo kutengeneza nyekundu inayokaa mahali pake, wewe unanichanganyia na samaki wa chupa halafu unaniita dada yangu.

Safari nayo inaua, hilo nakubaliana nanyi. Dar mpaka huku ni zaidi ya kilomita 1,200, samaki yuko kwenye mfuko. Ndani ya mfuko hewa anayotoa inashusha pH, kwa hiyo amonia iliyokusanyika inatulia. Ukiufungua na kuanza kumimina maji ya bwawa ndani yake kidogokidogo, pH inapanda na sumu inaamka samaki akiwa humohumo. Mfuko uelee umefungwa mpaka joto lilingane, kisha unamtoa samaki peke yake kwa wavu, maji ya safari unamwaga kwenye migomba. Na kabla ya kuchanganya na wa zamani anakaa kwenye tenki la pembeni wiki tatu au nne ajulikane kama ana ugonjwa. Fundi wangu alikata mfuko kwa wembe, maji na samaki na uchafu vyote chubwi.

Nilishamsikia mtu anasema humu kwamba watu wana njaa, nyie mnafuga samaki wa kuangalia. Ndugu, nauza mawese, nalipa kodi, nimekula nimeshiba, nimetaka kitu cha kukaa nacho jioni baada ya kazi. Kama shida yako ni mimi kuwa na bwawa, fungua uzi wako.

Sasa sikilizeni kilichonifanya nishike simu kuandika haya yote. Waliobaki wakiwa watano, nikamwambia fundi njoo uwachukue, nirudishie nusu ya pesa. Akanijibu: "Kama wamekushinda watupe tu ziwani, watakua huko."

Watupe ziwani!

Huyu ni mtoto wa Kigoma anayesema hivi. Ziwa Tanganyika lina mamia ya aina za samaki ambao hawapo kwingine popote duniani. Wazungu na hao hao Wajapani wanafuga samaki wetu wanaoishi kwenye mawe ya ziwani kwenye akwariamu zao, wanasafirishwa kutoka huku kwa ndege, wana rangi za kumwaibisha koi, njano, bluu, milia. Koi kazi yake ni kufukua matope chini akitafuta chakula, anayavuruga maji na kung'oa mimea, na nchi nyingi alikotoroka au kutupwa wanamhesabu kuwa balaa. Anaweza pia kubeba magonjwa, kuna kirusi cha herpesi cha koi kinachofahamika tangu miaka ya 1990, kinaua bwawa zima. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapumzike, wavuvi wa Katonga na Kibirizi wakakaa bila kipato miezi mitatu, halafu fundi wa maua anasema mwaga humo. Hata mto Luiche msithubutu, wote unajua unakoishia.

Na wala hatuko porini kwamba hakuna wa kumuuliza. FETA, chuo cha uvuvi, wana kampasi hapo Kibirizi, TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapahapa Kigoma. Mtu anayechukua mamilioni ya watu kwa kujenga mabwawa anashindwa kupanda bajaji akaulize pH ni nini?

Kwa mnaotaka kujenga, mwulizeni fundi maswali haya kabla hamjatoa hata mia ya kianzio: bwawa litabeba lita ngapi, chujio liko wapi, plasta utaitibu vipi, na umeme ukikatika usiku samaki watavuta hewa kwa kitu gani. Hilo la umeme ni muhimu, maana maji yenye mwani mwingi oksijeni yake inashuka alfajiri hata pampu ikiwa inafanya kazi, ikizima ndiyo basi. Kuna pampu za hewa za betri na za sola, si ghali. Akianza kukuonyesha picha badala ya kujibu, mpe maji anywe aondoke.

Samaki wangu watano wako kwenye simtanki la lita 1,000 uani, wana pipa lao la nyavu, wanakula. Wadogo bado, watavumilia mpaka bwawa lichimbwe upya. Mwenye kipimo cha amonia na pH hapa mjini anicheki PM, nanunua au naazima. Anayejua fundi wa kutandika turubai, awe Kigoma au hata Kasulu, naomba namba, nauli nalipa.

Na wewe fundi, najua unasoma humu. Pampu yako ya kurusha maji nimeiacha kwa mlinzi getini. Njoo uichukue, na ile laki nne unayosema nimebakisha usiitamke mbele yangu mpaka uje na nyundo uvunje plasta yako.