Ukuta wa kale chini ya msingi: kule Java walifanyaje?

Mwashi wa Langoni
Asalaam aleikum. Tunachimba msingi Mkomani, hapa Lamu. Chini kiasi cha kimo cha mtu, sururu imegonga ukuta wa matumbawe, lipu ya chokaa ingali nyeupe, na kidaka kimoja kizima, kile kishubaka cha ukutani. Mwenye kiwanja ataka tufukie tuendelee. Mimi roho haikubali. Aliyeupiga lipu ukuta ule alikuwa fundi hasa.

Nimesoma habari za Sambisari, kisiwani Java, Indonesia. Mwaka 1966 mkulima alikuwa shambani, jembe likagonga jiwe lililochongwa. Kumbe chini mna hekalu la Kihindu la karne ya 9, limefukiwa na majivu ya mlima Merapi, sakafu yake iko mita 6.5 chini ya shamba. Nalo lina vidaka vyenye sanamu za Kihindu: Durga kaskazini, Ganesha mashariki, Agastya kusini. Aliyefika huko anijuze: majivu hayakulivunja? Na yupo aliyewahi kujenga juu ya kitu kama hicho bila kukiharibu?

Mwanafunzi wa Yogya
Waaleikum salaam fundi. Nilisoma Yogyakarta, huko huko Java, Sambisari nimefika. Unateremka ngazi kama unaingia birikani, paa la hekalu liko karibu usawa wa mashamba. Lakini hawakulikuta limesimama hivyo. Mawe mengi yalikuwa yameanguka, wakayapanga jiwe kwa jiwe hadi 1987.

Linalokufaa wewe ni hekalu la Kimpulan, huko huko. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Indonesia kilikuwa kikichimba msingi wa maktaba, karibu na msikiti wa chuo, wakakuta hekalu la Kihindu, sanamu ya Ganesha ikiwa ndani. Chuo cha Waislamu, na hawakulifukia! Walibadilisha ramani, maktaba ikalizunguka hekalu. Nilikuwa nikipita pale nikiona fahari.

Mama Shela
Chuo kina pesa. Huyu mwenye kiwanja huenda amekopa, na mafundi wanataka ujira kila jioni. Msimfanye adui. Mwendeeni na mzee anayemheshimu.

Kijana wa Gede
Mama kasema kweli, ila sheria ya turathi ya Kenya ya 2006 inamtaka aliyegundua awaarifu Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku 7. Fundi, nenda kwa watu wa Makumbusho pale ngomeni mapema. Na leo hii funika lipu hiyo kwa mchanga laini, juu yake turubai. Chokaa iliyokaa ardhini miaka mingi ikipigwa na jua ghafla hupasuka na kubanduka. Hapa Gede, kwenye magofu ya mji wa kale, kuta zilichimbuliwa tangu 1948, na kuzitunza ni kazi isiyokwisha.

Mwashi wa Langoni
Ahsanteni sana. Mchanga nimeshamwaga. Mwenye kiwanja amekubali tuhamie upande wa kibla kwa sasa, na kesho twaenda ngomeni pamoja. Mwanafunzi, kama una picha inayoonyesha nguzo za ile maktaba zilivyokwepa hekalu, nitumie usiku huu. Nataka aione kabla hatujatoka.