Keria kwenye gari lenye paa la kioo: ipi haitanivunjia kioo?

Mgogo_wa_Kisasa: Wakuu, habari za majukumu. Nina X-Trail yenye paa la kioo na reli mbili pembeni. Mwezi ujao napeleka magodoro mawili na baiskeli ya mtoto kwa bibi yake Kondoa. Nimetajiwa njia tatu: fundi anichomelee keria nzima ya chuma, fito mbili za aluminiamu zinazobana kwenye reli, au zile za mito ya mpira na mikanda inayopita milangoni. Hofu yangu kioo tu.

FundiBati: Mkuu, mimi ndiye mchomeleaji, na ya kwangu usichukue. Chuma chenyewe ni kizito kabla hujapakia kitu. Magari mengi ya saizi yako, juu yanabeba kama kilo 75, na kwa kawaida keria inahesabiwa humohumo. Isitoshe, Land Cruiser za zamani zina mfereji wa mvua pembeni, pale ndipo tunapokalisha miguu. Gari lako halina. Fundi ataanza kutafuta pa kutoboa, na hapo ndipo kilio kinapoanzia.

MamaZabibu: Za mikanda nilifunga kwenye Vitz yangu nikabebea kreti za zabibu kutoka Hombolo. Paa la bati lile. Kwenye kioo hapana kaka, mto unakilalia chenyewe. Halafu mvua ilinikuta Gairo, maji yakafuata mkanda mpaka ndani, abiria wangu akashuka amelowa makalio 😂

Dereva_wa_Mtera: Chukua fito za kubana kwenye reli, hakuna cha kujadili. Mzigo unashuka kwenye reli, reli inashuka kwenye bodi, kioo hakiguswi. Hata Tesla Model 3, ambayo juu ni kioo kitupu na haina reli, kiwanda kimeweka sehemu za kushikia kandokando, mwisho kilo 68.

Ila kazi ipo kwenye kufunga. Osha reli kwanza, kausha. Mimi nilifunga haraka na vumbi lake, punje ya mchanga ikabaki chini ya raba. Kwenda Iringa na kurudi, nilipofungua nikakuta mchubuko kama kucha ya paka, rangi imekwenda. Kaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, usimalize upande mmoja. Ukifika kama kilomita 50 simama ukague. Na asipande mtu juu! Vioo vingi vya hivi vinavumilia kukandamizwa katikati kuliko kugongwa ukingoni. Spana ikidondokea pale, unazoa chenga.

Mgogo_wa_Kisasa: Kioo nikikifungua safarini je?

Dereva_wa_Mtera: Usithubutu. Kikiinuka kinagonga fito. Watoto wasiguse swichi kabisa. Na pima nafasi kati ya fito na kioo, iwe walau vidole viwili, maana fito inapinda kushuka chini ikielemewa.

MamaZabibu: Godoro lifunge na mbele pia, kamba ishuke kwenye bampa. Upepo wa huku likiushika linakuwa tanga la jahazi. Baiskeli laza kiti uiweke ndani.

Mgogo_wa_Kisasa: Baiskeli ndani, nimekubali dada. FundiBati, ubarikiwe kwa kujinyima kazi. Fito nilikuwa nimeshaazima kwa jirani, nimetoka kuzijaribisha sasa hivi: kidole kimoja na nusu. Kesho naenda kutafuta zenye miguu mirefu.