Dada wa kazi aombe nyongeza lini? Mtoto wa pili kazaliwa, mshahara ni uleule

dada_mbezi
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba mawazo. Mimi ni dada wa kazi wa kwenda na kurudi, kazi ipo Sinza, nakaa Mbezi Mwisho. Mshahara ni 150,000 tangu naanza, sasa ni mwaka na miezi minne. Naingia saa 12 na nusu asubuhi, natoka saa 12 na nusu jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Nauli 2,400 kwa siku najilipia. Tulipatana mtoto mmoja. Sasa ana miaka mitatu, yuko chekechea, anarudi saa 7 mchana. Mama kajifungua tena, kichanga kina miezi miwili, na likizo yake ya uzazi inaisha wiki tatu zijazo. Mkataba wa maandishi hakuna. Niombe sasa, au nisubiri arudi kazini aone mzigo ulivyo? Na nitaje shilingi ngapi?

mtafuta_madada
Usisubiri, dada. Omba wiki hii au ijayo, mama akiwa bado nyumbani. Ukishakilea kichanga miezi mitatu kwa 150,000, hiyo ndiyo bei yake. Kichwani mwa bosi kazi imewezekana kwa hela ileile, sasa unataka nini tena? Leo mnapatana, baadaye utakuwa unalalamika. Na yeye muda huu ndio anapiga hesabu za kurudi ofisini, anajua kumpata dada mwingine wa kumwachia mtoto mchanga ndani ya wiki tatu ni kazi kubwa.

Kutimiza mwaka nako ni sababu, ila nyepesi. Wengi watakuongezea elfu kumi, kumi na tano. Kinachobadilisha bei ni kazi kubadilika: mtoto kuongezeka, kuanza kupikia watu wazima wakati ulichukuliwa kwa ajili ya mtoto, au kuletewa mgonjwa wa kuuguza.

Kabla hujaenda kuongea, andika siku yako itakavyokuwa. Ukisema tu "nitalea watoto wawili" haina uzito. Andika maziwa yaliyokamuliwa kutolewa kwenye friji na kupashwa kwa kutumbukiza chupa kwenye maji ya moto, mara nne. Chupa na chuchu zake kuoshwa na kuchemshwa kila akimaliza. Nepi mara sita hadi nane. Nguo za kichanga kufuliwa peke yake na kupigwa pasi. Saa 7 kusimama getini kumpokea mkubwa kwenye basi la shule, mdogo yuko mgongoni. Kuanzia hapo hadi saa 10 ndipo penye moto, maana mkubwa ana njaa na usingizi, mdogo anataka kunyonya, na sufuria iko jikoni. Hapo ndipo mtoto anaungua uji au anadondoka kitandani. Sema mwenyewe mapema: "Saa 7 hadi saa 10 sitagusa jiko, chakula cha jioni nitaanza baada ya hapo." Usikubali kila kitu kwa kuogopa, halafu mtoto akaumia mikononi mwako.

Kiasi sasa. 2,400 mara siku 26 ni 62,400. Ukitoa kwenye 150,000 unabaki na 87,600. Omba 160,000 na nauli juu, jumla 222,400. Nauli ikikaa pembeni, siku ikipanda inajiongeza bila kikao kipya. Moyoni usishuke chini ya 200,000 kwa vyote.

mwanasheria_wa_mtaani
Naongezea upande wa sheria, maana wengi wanautaja vibaya.

Amri ya kima cha chini ya 2022, iliyoanza 1 Januari 2023, iliweka 120,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri na 60,000 kwa anayelala humo, kwa familia za kawaida. Walioajiriwa na mabalozi na wafanyabiashara wakubwa ni 250,000, na kwa maofisa wenye stahili ya kulipiwa mfanyakazi ni 200,000. Amri ya 2025, ya kuanzia 1 Januari 2026, imepandisha viwango vya sekta binafsi, kwa hiyo shika jedwali jipya mkononi. Likikukuta uko chini ya kiwango, hapo huombi nyongeza, unadai haki.

Penye nguvu zaidi kwako ni saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, kila moja inalipwa mara moja na nusu, na hazitakiwi kuvuka 50 kwa wiki nne. Wewe unakaa saa 12 kwa siku. Hata tukitoa saa moja ya mapumziko, ni 66 kwa wiki, yaani 21 za ziada, sawa na 84 kwa wiki nne. Saa yako moja ni 150,000 gawanya kwa 195, yaani saa za kawaida za mwezi, karibu 769. Mara moja na nusu ni kama 1,154. Kwa mwezi wa wastani saa za ziada ni 91, kwa hiyo ni 105,000 ambazo hazilipwi.

Usimpelekee bosi karatasi hiyo kama ankara, utavunja kikao. Kaa nayo kichwani, ujue 222,400 si tamaa. Pia una haki ya siku 28 za likizo ya malipo kila mwaka. Kama ya mwaka wa kwanza hukupewa, iweke mezani siku hiyohiyo.

mama_watatu_tabata
Niongee kwa upande wa mabosi. Pesa ni ileile, ila namna ya kuomba ndiyo inayofungua au kufunga mlango.

Usianze na shida zako. Ukisema kodi imepanda, mwanangu kijijini anaumwa, atakuhurumia kweli, atakupa 20,000 siku hiyo, na mshahara utabaki palepale. Umeomba msaada, umepewa msaada. Anza na kazi. "Mama Junior, naomba tukae kidogo Jumamosi watoto wakilala. Nataka tuongelee kazi itakavyokuwa ukirudi ofisini." Hapo anajiandaa, na pengine anaongea na baba usiku, maana nyumba nyingi mwenye neno la mwisho kwenye hela si yule unayeshinda naye.

Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara wao kuingia ndiyo nzuri. Tarehe 20 hadi 28 watu wamekauka. Januari iache kabisa, ada na kodi ya nyumba vinagongana. Usiombe mbele ya mgeni wala kwa meseji ya usiku. Na kama ulikopa mshahara, malizia kwanza kulipa.

Mshahara wa dada wa jirani usiutaje. Utajua wewe moyoni, lakini ukiusema, mama ataenda kuuliza huko, na dada mwenzako ndiye ataambiwa ana mdomo.

dada_mbezi
Asanteni sana, nimeandika yote. Akisema hana kwa sasa, nimwambieje? Na ana kawaida ya kunipa nguo na unga mwisho wa mwezi, naogopa atasema hiyo ndiyo nyongeza.

mtafuta_madada
Nguo na unga mshukuru kwa moyo wote, ila zisiingie kwenye hesabu. Daladala hailipwi kwa unga. Mwambie: "Nashukuru kwa unavyonijali, mama. Hapa naongelea mshahara."

Akisema hana, usinune na usitishie kuondoka kama huna pa kwenda. Omba kitu kisichomtoa hela nyingi: Jumamosi utoke saa 7 mchana, au wakichelewa kurudi jioni wakulipie 2,000 kwa saa. Halafu omba tarehe. "Tutaangalia" haina siku. "Kuanzia mshahara wa mwezi wa nne" ina siku.

mwanasheria_wa_mtaani
Mkikubaliana, andikeni siku hiyohiyo, hata kwenye karatasi ya daftari: majina, kiasi, nauli, saa za kuingia na kutoka, kazi zenyewe, siku ya mapumziko, tarehe ya kuanza. Mtie sahihi wote, upige picha. Kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri.

Malipo yapitie kwenye simu, na umwombe atume na ya kutolea. Ujumbe wa kila mwezi usiufute. Akikuachisha kwa sababu umeomba nyongeza, anayelipa kwa mwezi anatakiwa kukupa notisi ya siku 28, tena na sababu halali. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea lalamiko la kuachishwa ndani ya siku 30. CHODAWU ndicho chama kinachobeba wafanyakazi wa majumbani, wanaweza kukusaidia kujaza fomu.

mama_watatu_tabata
Na uzungumze NSSF pia, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, dada. Asilimia kumi yako, angalau kumi yake. Kwenye 160,000 ni 16,000 na 16,000. Itaje Jumamosi hiyohiyo, baada ya mshahara kukubaliwa, si kabla.