MJADALA: Eneo bunge la Mvita liitwe Mwana Mkisi?

Mleta mada:
Mombasa ina maeneo bunge sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Lile la kisiwani linabeba jina la Shehe Mvita. Simdharau, lakini wazee wetu wamesimulia siku zote kwamba kabla yake alikuwapo Mwana Mkisi, malkia aliyeuasisi mji wa Kongowea, na koo kongwe za Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, zinajinasibisha naye. Aliyeanzisha mji hana hata wadi. Aliyekuja baadaye ana eneo bunge, na lahaja yetu nayo inaitwa Kimvita. Kifungu cha 89 cha Katiba kinaitaka Tume ya Uchaguzi ipitie majina ya maeneo bunge pamoja na mipaka, kila baada ya miaka 8 hadi 12. Basi tupeleke pendekezo. Nani yuko nami?

Mtu wa Kibokoni:
"Aliyekuja baadaye"? Shehe Mvita leo amekuwa mgeni? Kwa masimulizi hayo hayo unayoyategemea, yeye ndiye aliyejenga msikiti wa kwanza wa mawe kisiwani, na alikuwa mtu wa elimu. Ibn Battuta alipofika hapa mwaka 1331 alikuta misikiti imara na watu wacha Mungu. Hiyo ndiyo kazi ya Mvita. Huwezi kumng'oa mtu kama huyo kwa sababu umesikia habari za malkia.

Mwalimu wa Historia:
Ndugu wa Kibokoni, Ibn Battuta alilala usiku mmoja tu, na misikiti aliyoisifu alisema ni ya mbao. Usimtumie kuthibitisha mawe. Hata Mvita hakumtaja. Mwana Mkisi na Shehe Mvita wote wawili tunawajua kwa masimulizi ya wazee, kwa hiyo ukimwita mmoja hadithi, na mwenzake umemwita hivyo hivyo.

Mtu wa Kibokoni:
Mbao au mawe, walikuwa wakiswali. Hoja yangu iko pale pale.

Mchangamwe:
Nyinyi mnagombania malkia na shehe, wote wa kwenu. Mimi napiga kura wadi ya Port Reitz. Reitz ni nani? Luteni wa jeshi la majini la Uingereza, aliachwa Mombasa na Kapteni Owen mwaka 1824 pale Wamazrui, waliokuwa wakitawala Mombasa, walipotaka bendera ya Kiingereza iwakinge na Sultani wa Omani. Homa ikamuua mwaka huo huo, hajamaliza hata miezi sita. Na Waingereza wenyewe wakaondoka 1826. Hakutuachia kisima wala darasa, na jina lake ndilo liko kwenye karatasi yangu ya kura miaka 200 baadaye! Mwacheni Mvita apumzike. Wadi yetu mpeni Mwana Mkisi, huo ndio ukombozi.

Mleta mada:
Hapana, ndugu yangu. Mwanamume anapata eneo bunge zima, malkia anatafutiwa pembe moja ya Changamwe? Ndivyo tunavyowafanyia wanawake kila siku, tunawapa kilichobaki.

Mchangamwe:
Pembe? Umeiita Changamwe pembe? Wachangamwe ni katika Thelatha Taifa, yaani mataifa matatu kati ya yale kumi na mawili, pamoja na Wakilindini na Watangana. Tulikuwa na mashehe wetu wakati wengi wanaoandika hapa hawajui Makupa iko wapi. Uwanja wa ndege uko kwetu. Meli za mafuta zinashusha Kipevu, kwetu. Ukitaka kumheshimu malkia wako, anza kwa kuwaheshimu watu.

Mleta mada:
Sikukutukana. Nimezungumzia ukubwa wa heshima, hukutaka kunielewa.

Mpiga Kura wa Nyali:
Tukiwaondoa wakoloni tuwaondoe wote. Sisi Nyali tuna wadi ya Frere Town, jina la Bartle Frere, ofisa wa dola ya Kiingereza. Akitoka Reitz naye atoke.

Mzaliwa wa Kengeleni:
Frere Town msiiguse. Nasema kwa adabu, lakini nasema kwa uchungu. Wazee wetu walitolewa kwenye majahazi ya watumwa, wakaletwa pale kuanzia mwaka 1875. Walitoka Malawi, walitoka Uyao, walitoka sehemu ambazo wajukuu hatuwezi kuzionyesha kwenye ramani. Hawakuwa na ukoo wa kurudia. Kengele ile iliyopigwa kuwatahadharisha majahazi ya watumwa yakionekana, ndiyo iliyotupa jina la Kengeleni. Frere alikuwa Mzungu, sawa, lakini waliolala makaburini pale ni babu na nyanya zetu. Reitz alipita tu, hana kizazi kinachojiita kwa jina lake. Sisi tupo.

Mpiga Kura wa Nyali:
Nakuelewa, lakini basi liitwe Kengeleni, si kwa mtawala.

Mzaliwa wa Kengeleni:
Hilo tutaamua sisi wenyewe. Kila mjadala wa majina ya Mombasa huanza kwa kuhesabu mataifa kumi na mawili, na sisi hatumo katika kumi na mawili hayo. Leo mnabishana nani aliuasisi mji, Mwana Mkisi au Mvita. Mtu ambaye babu yake alishushwa hapa na pingu asimame wapi?

Mtu wa Kibokoni:
Hakuna aliyesema nyinyi si watu wa Mombasa, mwanangu. Usitutie maneno mdomoni.

Mzaliwa wa Kengeleni:
Hamjasema. Mmehesabu tu.

Mwalimu wa Historia:
Kabla hamjatoana macho, jueni saa ya sheria. Mapitio ya mwisho ya mipaka yalikuwa 2012. Miaka 12 ilikwisha 2024, na tume ilikuwa haina makamishna tangu mapema 2023 mpaka Julai 2025. Na mapitio yoyote yanatakiwa yakamilike angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, ama sivyo mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo. Majina ya wadi yana kijifungu chake, 89(3), nayo hupitiwa mara kwa mara. Kwa hiyo Port Reitz ni jambo jepesi kuliko Mvita.

Mleta mada:
Haya, tuanze na Port Reitz. Mchangamwe, nikiandika barua ya wadi hiyo utatia saini?

Mchangamwe:
Barua tutaiandika sisi. Na jina tutalitafuta kwa wazee wa Changamwe, si la mtu wa kisiwani.

Mtu wa Kibokoni:
Saa moja iliyopita ulikuwa unampokea Mwana Mkisi kwa mikono miwili. Sasa amekuwa mtu wa kisiwani? Mbona Kongowea ya leo iko ng'ambo, Nyali, na sokoni pale kila mtu wa mji huu hununua?

Mchangamwe:
Basi Nyali wamchukue. Wadi ya Kongowea wanayo tayari.